Homa Katika Njia ya Mtae: Kuendelea au Kushuka?

Njia ya kutoka Lushoto hadi Mtae, katika milima ya Usambara Magharibi, ile inayopita msitu wa Magamba, Lukozi na Rangwi, watalii huitembea kwa siku tatu hadi tano, wakilala vijijini na kusimama kila penye bonde la kupiga picha. Vijana wa Tanga mjini wanaopenda haikingi, yaani matembezi marefu ya milimani, siku hizi wanataka kuimaliza kwa siku mbili, na wapo wanaotamba kwamba hata moja inatosha. Sina ugomvi na mbio zao. Ugomvi wangu ni na sifa inayofuata: fulani aliamka Rangwi anatetemeka, akameza Panadol mbili, na bado akafika Mtae wa kwanza. Kikundi kizima kinampigia makofi. Hakuna anayeuliza kama alistahili makofi au alistahili kutobolewa kidole apimwe damu.

Wanaomtetea wana hoja, tena si nyepesi. Mwili unaokimbizwa milimani hulalamika hata ukiwa mzima. Kichwa kitauma kwa jua na maji machache, kichefuchefu kitakuja ukila haraka halafu ukapanda, magoti yatakataa mteremko. Anayesimama kwa kila lalamiko hatoki Magamba. Kuna pia suala la saa ya kuamua. Mtu aliyelowa, mwenye njaa, saa kumi na moja alfajiri, ataamua kurudi kwao hata kama hana ugonjwa wowote, na jua likishachomoza atajutia.

Mfano unaonukuliwa sana na watu wa mbio ndefu unatoka Marekani. Mwaka 2011 Jennifer Pharr Davis alitembea njia ya Appalachian, inayofuata milima ya mashariki mwa nchi hiyo kwa karibu kilomita 3,500, kwa siku 46 na saa 11, na wakati huo hakuna aliyekuwa ameimaliza haraka kuliko yeye, awe mwanamke au mwanamume. Lakini siku za mwanzo, huko Maine na New Hampshire, mambo yalimharibikia: ugoko ulimuuma kila hatua, baridi ikamwingia mwilini, kisha tumbo likaanza kuharisha. Alimwambia mumewe, Brew, kwamba basi, amechoka, anaacha. Mume hakumkatalia kuacha. Alichokataa ni yeye kuacha saa ile ile alipokuwa hoi. Ale kwanza, anywe dawa, asogee mpaka jioni, ndipo aamue. Jioni ilipofika hakuacha.

Huo ni ushauri mzuri na nauunga mkono. Uchovu na maradhi huvaa nguo moja, na chakula, maji na saa mbili za kupumzika ndivyo vinavyomvua mmoja wao. Ila wanaousimulia huku kwetu wanachukua nusu yake. Brew alikuwa anamsubiri mkewe kwenye barabara zinazokatiza njia, akiwa na gari, chakula na dawa, siku baada ya siku. Kulikuwa na mtu mzima mwingine, mwenye akili iliyopumzika, anayemwangalia usoni na kupima kama bado yuko salama. Kijana wetu wa Rangwi hana Brew. Ana wenzake watatu, nao wanatazama saa kama yeye.

Halafu tazama bei ya kusimama. Kwa Pharr Davis, kuacha kulimaanisha maandalizi ya muda mrefu yamepotea na majira yote ya joto yameisha. Katika Usambara Magharibi huwezi kutembea saa nyingi bila kukuta kijiji, na penye kijiji pana bodaboda. Kuacha kunagharimu nauli ya kushukia Lushoto na utani wa wiki moja kwenye kundi la WhatsApp. Njia ya Mtae itakuwepo mwezi ujao, na mwaka ujao. Tumeazima ukali wa watu ambao kusimama kwao ni ghali, tukauleta mahali ambapo kusimama ni rahisi.

Kubwa zaidi ni aina ya ugonjwa wenyewe. Wanamichezo wana kanuni inayoitwa ya shingo. Dalili zikiwa juu ya shingo, kama mafua na koo kuwasha, endelea polepole. Zikishuka chini ya shingo, kifua, tumbo, mwili mzima kuuma, au ukiwa na homa, simama. Ina mantiki yake. Baadhi ya virusi vinavyoleta homa hushambulia pia misuli ya moyo, na moyo uliovimba ukilazimishwa kupanda mlima unaweza kugoma ghafla hata kwa kijana. Lakini kanuni hiyo ilitungwa kwenye nchi ambako kichwa kuuma ni kichwa kuuma. Huku Tanga malaria mara nyingi hubisha hodi kwa kichwa, juu kabisa ya shingo, kabla mwili haujaanza kuwaka. Anayeifuata bila kufikiri ataruhusiwa kuendelea na ugonjwa ambao ndio hasa ulipaswa kumsimamisha.

Milima yenyewe inasaidia kutudanganya. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na njia hupanda zaidi ya hapo, kwa hiyo asubuhi ni baridi ya kweli. Mtu wa Chumbageni au Ngamiani, mitaa ya Tanga mjini, akitetemeka kule, kila mmoja anasema ni baridi, hajazoea. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro ataongeza kwamba ni mwinuko, yaani hewa nyembamba ya juu. Si mwinuko. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua kuanzia mita 2,500, na hapa hatufiki huko. Wengine husema milimani hakuna malaria. Ni kweli kwamba hupungua kadiri unavyopanda, kwa sababu baridi huchelewesha vimelea kukua ndani ya mbu. Lakini mbu aliyekuuma hakuwa wa Rangwi. Alikuuma nyumbani wiki moja au mbili zilizopita, kwa kuwa malaria ya huku huchukua siku kama saba hadi kumi na nne, pengine zaidi, kabla ya kujionyesha. Uliipanda nayo milima ikiwa tayari iko kwenye damu.

Milima hii imeshaona jambo hilo, ila kwa mpangilio wa kinyume. Mwanzoni mwa mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipanda kutoka Pangani hadi Vuga kuonana na Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Washambaa. Kwenda walikwenda, na kurudi wakarudi kwa haraka. Walipofika tena Pangani ndipo homa ikawalaza wote wawili. Hesabu ya siku za njia haifuati hesabu ya siku za ugonjwa.

Kuna jibu ninalolisikia kwa wenyeji, nalo lina ukweli: sisi tumekua na malaria, haitutishi kama mgeni. Mtu mzima aliyekulia pwani huwa na kinga fulani, na homa inayomlaza Mzungu kwake inaweza kuwa siku mbili za uchovu. Lakini kinga hiyo si kamili, na hufifia kwa anayeishi muda mrefu mahali pasipo malaria. Kwenye kundi la watu wanane hakosekani aliyekulia Arusha au aliyerudi kutoka masomoni juzi. Kwa asiye na kinga, malaria inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya siku moja au mbili, na siku moja au mbili ndio urefu wa safari yenyewe.

Ndiyo maana zile Panadol mbili zinanitia wasiwasi kuliko mbio. Panadol inashusha homa na kuacha vimelea palepale, kwa hiyo inaondoa ile alama moja ambayo ingewaamulia. Diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo watu huibeba kama pipi, ni mbaya zaidi kwa anayetembea amekaukiwa maji, maana dawa za kundi hilo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo wakati ambapo figo zinaihitaji mno. Ukiona mkojo umegeuka rangi ya chai nyeusi, safari imekwisha, hakuna mjadala. Kipimo cha haraka cha tone la damu kinatoa jibu kwa dakika 15 hadi 20 katika zahanati. Na ikionekana ni malaria, dawa mseto ni dozi ya siku tatu, si ya kumeza asubuhi na kuendelea na mbio mchana.

Kuharisha nakupa nafasi zaidi. Kama hakuna damu wala homa, na maji yanakaa tumboni, mtu anaweza kuendelea kwa mwendo wa pole huku akinywa ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, au lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mbio zisahauliwe, ila kutembea kunawezekana. Pia kuna hali ambapo kuendelea ndiko kutafuta msaada. Ukiugua katikati ya msitu wa Magamba na barabara ya karibu iko mbele, nenda mbele. Hapo hulazimishi ugonjwa, unaufupisha.

Jambo moja husahaulika kwa sababu tunazungumza kana kwamba kila mtu anatembea kwa ajili yake. Kilimanjaro wabeba mizigo huitwa wagumu, na anayelipwa kwa siku ana sababu nzuri ya kuficha homa: akishushwa, siku zilizobaki hazilipwi. Kijana anayeongoza njia ya Mtae yuko katika hali hiyo hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hawakusema nani alimfanya afiche. Kundi linalojisifu kwa wenye homa waliofika linamfundisha huyu kwamba kusema ni kupoteza mkate.

Hata dini, kwa mfungo wenyewe wa Ramadhani, imempa ruhusa mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine. Mwenye homa pale Rangwi ni vyote viwili, na aliyemnyima ruhusa ni ratiba tuliyoipanga wenyewe kwenye simu.

Kwa hiyo makubaliano yafanyike Lushoto, kabla ya hatua ya kwanza, watu wakiwa wameshiba na hakuna anayetetemeka. Kichwa kikali au mwili kuwaka ni zahanati ya karibu, haijadiliwi. Anayeamua asiwe mgonjwa mwenyewe, na asiwe anayeongoza mbio. Kiongozi wa njia alipwe siku zote hata akishuka na mgonjwa siku ya kwanza, na nauli ya bodaboda itoke kwenye mfuko wa wote.