Kidevu cha Kijana Kinawakera Nini?

Mpwa wangu kaitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, hoteli moja hapa hapa Dar. Shati limenyooka, viatu vinang'aa, ndevu kachonga O safi, sharafa zimeshuka taratibu kutoka sikioni mpaka zikakutana na kidevu. Hajaulizwa hata swali moja. "Nenda kanyoe, ukirudi tutaongea." Aliyetoa amri hiyo, kwa maelezo ya kijana, ana mustachi uliopakwa rangi mpaka ngozi ya juu ya mdomo imekuwa nyeusi tii. Lakini yule bosi bwana. Mustachi wa bosi ni heshima, ndevu za kijana ni uhuni.

Kijana kazi anaitaka. Akanunua wembe, akanyoa zote, kisha akarudia kwa kupandisha juu ili pasibaki hata alama. Baada ya siku mbili tatu ananiita: "Anko, hebu ona." Shingo yote vipele, vingine vina usaha. Kimoja ukikisogelea unauona unywele wenyewe umejikunja ndani ya ngozi, kama uzi ulioshonwa vibaya.

Hapo ndipo nilipochemka. Nywele zetu za kipilipili hutoka zikiwa tayari zimejipinda. Ukizikata kwa wembe chini kabisa, ncha hubaki kali. Unywele ukikua unageuka na kuichoma ngozi ileile uliyotokea, na mwingine hauna hata haja ya kutoka nje, unachoma humohumo ndani. Mwili unauona mgeni, unaanza kupigana nao. Matokeo ni vipele, kisha madoa meusi, na kwa wengine makovu magumu yasiyoondoka. Spiriti ya kinyozi haitibu chochote hapo, inakutoa machozi tu. Dawa ya uhakika ni kuziacha ndevu ziote, au kupitisha mashine ibakize kidogo. Yaani dawa ndiyo hiyohiyo iliyopigwa marufuku! Marekani jambo hili lilifika mbali: mwaka 1993 mahakama ya rufani ilikataa sharti la wafanyakazi kutofuga ndevu kwenye maduka ya pizza ya Domino's huko Nebraska, kwa kuwa lilikuwa linawabana zaidi wanaume weusi, kisa vipele hivihivi. Sisi, nchi nzima ya videvu vya kipilipili, tunalibandika sharti ukutani na kuliita unadhifu.

Eti nidhamu. Nidhamu ya nani? Jeshi la Uingereza, ambalo wengi wanalitolea mfano, mpaka mwaka 1916 lilimkataza askari kunyoa mustachi. Kunyoa ndiyo lilikuwa kosa! Na mwaka 2024 jeshi hilohilo likaruhusu ndevu kabisa: zisipungue milimita 2.5, zisizidi 25.5, ziwe zimechongwa vizuri mashavuni na shingoni, basi. Sharti linaloeleweka, linalopimika. Huku kwetu kipimo ni jicho la meneja na alivyoamka siku hiyo.

Haya, nakubali, wa zimamoto anyoe, maana barakoa ya hewa lazima ikamate uso sawasawa. Mpishi naye avae kitambaa cha kidevuni. Ila wa mapokezi ndevu zake zitadondokea wapi, kwenye funguo?

Halafu ni ofisi ngapi zenye sharti hilo ambazo ukutani zimetundika picha ya Mwalimu, na mustachi wake uleule? Mzee Kenyatta na ndevu zile asingepita getini. Lumumba angeambiwa kwanza akanyoe kidevu.

Na nyie vijana mnaopaka "black" mpaka mstari wa ndevu unakaribia kona ya jicho, msidhani nawatetea. Nyie ndio mnaotuharibia kesi.