Mguu wa Kuazima

Hogo, ile plasta ngumu ya kufungia mfupa uliovunjika, likikatwa mguuni, mtu hutegemea kurudishiwa mguu wake. Mimi nilirudishiwa wa mtu mwingine. Ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, mweupe kwa namna ambayo ukoo wetu haujapata kuiona, na magamba yalianzia chini ya goti yakaishia kisiginoni. Juu ya hayo ulikuwa umeota vinyweleo ambavyo mume wangu, mwanaume mzima, hajawahi kujaliwa. Daktari wa mifupa akasema ni kawaida. Mguu ukifungiwa gizani kwa wiki kadhaa, misuli hupungua kwa kukosa kazi, rangi hupungua kwa kukosa jua, na ngozi iliyokufa, badala ya kutoka kidogo kidogo kila siku mtu anapooga, hukaa palepale na kurundikana.

"Paka mafuta, fanya mazoezi, utarudi," akasema.

Utarudi lini, hakusema. Nami nilikuwa na tarehe kichwani: harusi ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Gauni lilikuwa limeshashonwa kabla sijateleza kwenye ngazi. Gauni lina mpasuo. Mpasuo uko kushoto. Mguu uliovunjika nao, kwa hila zake, ni wa kushoto. Nilimpigia fundi nikamuuliza kama mpasuo unaweza kuhamishiwa kulia. Alinyamaza, kisha akaniuliza kwa upole kama bado natumia dawa za maumivu. Akasema anachoweza ni kuuziba. Kuuziba! Mpasuo ndio gauni lenyewe. Kilichobaki ni kitambaa tu.

Hapo ndipo alipoingia wifi yangu. Wifi ni mtu wa suluhisho. Hata tatizo likiwa bado njiani, suluhisho lake limeshabisha hodi.

"Wifi, usihangaike," akaniambia. "Kuna losheni za kuipa ngozi rangi ya jua bila jua. Wazungu wanajipaka usiku, wakiamka wanang'aa utadhani wameshinda ufukweni."

"Sisi rangi tunayo tayari, wifi."

"Unayo mguu mmoja."

Hilo sikuwa na jibu lake. Tukaenda dukani, yeye mbele, mimi na magongo yangu nyuma.

Nilidhani losheni ni losheni. Tulikuta rafu nzima. Kulikuwa na ya maji, ya povu, ya kupuliza, na matone ya kuchanganya kwenye mafuta yako mwenyewe. Kila aina imegawanywa tena: hafifu, ya wastani, ya kukolea, ya kukolea sana. Chupa nyingine zilisema zina rangi ya kijani ndani yake, nyingine zambarau, nikaona hapa sasa tunataniana. Mtu mwenye shida ya mguu mweupe hajaomba wa kijani.

Dada wa dukani alijitahidi sana. Alieleza kwamba kijani na zambarau zimewekwa ili kuua ule wekundu na umachungwa unaowasaliti watu, na kwamba kabla ya kuchagua inabidi ujue rangi iliyojificha chini ya ngozi yako, kama imeelemea njano au wekundu. Akasema dawa yenyewe hupimwa kwa asilimia: za asilimia 3 hadi 5 ni za kuanzia, zikivuka 10 ni za kukoleza kwelikweli. Kisha akauliza, "Mnataka ufanane na rangi ipi?"

Wifi akaipandisha sketi yangu upande wa kulia, mbele ya wateja wote. "Hii."

Yule dada akautazama mguu wa kulia, akaomba kuuona na wa kushoto, akameza mate. Ushauri wake ulikuwa mfupi: chukueni ile hafifu ya kupaka kila siku, rangi itapanda polepole, ikifika mnapotaka mnaacha. Na kwanza mjaribu padogo pasipoonekana, msubiri siku nzima muone inatokaje.

Wifi aliposikia "polepole" uso ulimbadilika. Aliposikia "siku nzima" mkono ulikuwa tayari kwenye chupa ya kukolea sana.

"Mtu wa maji ya kunde unampa dawa ya watu weupe pee?" akasema. "Huyu anahitaji ya wakolevu. Tena harusi haisubiri."

Dada wa dukani alikuwa sahihi katika kila neno. Sijarudi kumwambia, maana ana uso wa mtu atakayefurahi kupita kiasi.

Usiku huo wifi alisimamia kazi. Alianza kwa kuninyoa vile vinyweleo, kisha akafungua chupa papo hapo, ngozi haijapoa. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo, ameikunja vizuri akaitandika juu ya kiti kisichafuke. Mlikuwa na glavu moja, kwa sababu glavu hizo huuzwa moja moja. Akaivaa yeye. Akaanza kupaka kwa mizunguko mikubwa, akiimba, na mguu ukawa wa kahawia mzuri sana hapohapo, kiasi kwamba nilianza kumheshimu upya.

Shida ilikuja kwenye kisigino. Sikuweza kuukunja mguu, wala kuuinua. Wifi akaita, "Mdogo wangu, njoo umshike mkeo!"

Mume wangu akaja, akauzungushia shavu la mguu kiganja chake cha kulia, akauinua, akaushikilia wakati dada yake anamalizia chini. Losheni bado mbichi. Alipoachiwa akajifuta kwenye suruali akarudi kutazama mpira.

"Kanawe kwa sabuni," nikamwambia.

"Nimeshajifuta."

Nikabaki na mguu juu ya kiti. Maagizo ya wifi yalikuwa kwamba usiguse kitu, usilowe, usitoke jasho hadi asubuhi. Mwanangu mdogo akapita, akasimama, akanusa hewa na kuuliza biskuti ziko wapi. Kweli kulikuwa na harufu ya biskuti, biskuti zilizosahaulika kabatini. Alizitafuta mpaka akaufikia mguu wangu, akautazama, akaondoka bila neno. Usingizi ukagoma. Nikachukua simu nikaanza kusoma kuhusu nilichopakwa, jambo ambalo nadhani watu wengi hulifanya saa ileile niliyolifanya mimi, yaani baadaye.

Nikasoma kwamba kinachofanya kazi mle ni dihidroksiasetoni, aina ya sukari. Yenyewe haina rangi. Ile kahawia unayoiona ukipakwa ni ya kumwonyesha mpakaji alipopita, nayo huondoka na maji. Sukari yenyewe hushikana na protini za ngozi, na mshikamano huo ndio unaogeuka kahawia, rangi ikianza kuonekana baada ya saa 2 hadi 4 na kuendelea kukolea hadi siku nzima. Ni jambo lilelile linalolipa ganda la mkate rangi yake, alilolieleza mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Basi ndiyo maana ya biskuti: nilikuwa naokwa.

Nikasoma pia jinsi matumizi haya yalivyogunduliwa. Miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati huko Marekani, mtafiti Eva Wittgenstein alikuwa akiwanywesha sukari hiyo watoto wagonjwa, katika utafiti wa ugonjwa mwingine kabisa. Baadhi yao wakaitema. Ilipodondokea ngozi ilitokea madoa ya kahawia baada ya saa kadhaa, ilhali nguo zilibaki safi. Nikafarijika. Kumbe hata chimbuko lake ni ajali.

Halafu nikaifikia sentensi iliyonikalisha wima. Ilisema sukari hiyo haigusi ngozi iliyo hai. Inashika tabaka la juu kabisa, la ngozi iliyokwisha kufa. Penye ngozi iliyokufa nyingi, rangi nayo huwa nyingi. Kwa hiyo mtu ajisugue vizuri siku moja kabla, na asinyoe muda uleule.

Niliirudia. Nikaufunua mguu. Mguu uliotoka ndani ya hogo, uliokuwa umejilimbikizia ngozi iliyokufa kwa wiki nzima nzima. Nikampigia wifi.

"Wifi, umeona saa?"

"Wifi, ngozi iliyokufa!"

"Amekufa nani? Ngoja niwashe taa."

Asubuhi nilianza na maji. Yakatiririka ya kahawia, nami nikapata matumaini kwamba kila kitu kinaondoka. Kilichoondoka ni ile rangi ya kumwonyesha mpakaji. Iliyobaki ilikuwa ya kukaa. Muundi ulikuwa rangi ya machungwa. Kifundo kilikuwa karibu cheusi, na kisigino cheusi bila karibu. Kila gamba lilikuwa limepakwa mpaka wake, na yale yaliyobanduka yameacha madirisha meupe. Palipokuwa na kinyweleo palikuwa na nukta. Na nyuma, kwenye shavu la mguu, palipotolewa losheni kabla haijashika, kulikuwa na vidole vitano vyeupe na kiganja chake, picha kamili.

Mume wangu alikuwa jikoni anakitazama kiganja chake cha kulia. Kilikuwa kahawia kote, mistari yote imechorwa kwa weusi, mtu angeweza kumsomea bahati yake akiwa ng'ambo ya barabara.

"Hii ni nini?"

"Ulishajifuta," nikamjibu.

Siku hiyohiyo nilikuwa na miadi ya mazoezi ya viungo. Nilivaa soksi ndefu, lakini mtaalamu hawezi kunyoosha kifundo asichokiona. Kijana yule, mpole siku zote, alivuta soksi akaganda. Akabonyeza vidole vyangu vya mguu kimoja kimoja. Akatafuta mapigo ya damu juu ya unyayo. Akayapata, hakuyaamini, akayatafuta tena.

"Mama, vidole unavihisi?"

"Navihisi. Na aibu pia naihisi."

Hakucheka. Alitoka, akarudi na daktari, na daktari akarudi na wanafunzi wake, kwa sababu mguu wa namna hiyo haupatikani kila siku. Mmoja akataja mzunguko wa damu. Mwingine, kwa sauti ya chini ambayo niliisikia vizuri, akataja kuoza. Daktari akainama akaangalia nyuma, akaiona ile alama ya mkono.

"Nani amekukanda?" akauliza kwa ukali. "Tuliwakataza mkandaji! Mfupa bado mchanga!"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akaingiza mkono wa kulia mfukoni. Daktari akauona mwendo huo.

"Toa mkono."

Akautoa. Daktari akakigeuza kiganja, akautazama mguu, akakichukua kile kiganja akakiweka juu ya ile alama. Vikaingiana hadi kidole cha mwisho. Chumba kikatulia kabisa, ndipo nikaona bora niseme: "Ni losheni, daktari. Ya harusi."

Walicheka mpaka mwanafunzi mmoja akatoka nje. Daktari alipopata pumzi aliniambia dawa ile wao wanaijua vizuri. Wapo wenye ugonjwa wa barasi wanaoitumia kufunika mabaka yao meupe, na huipaka kwa nidhamu: tabaka jembamba, padogo kwanza, wangoje rangi ikomae, ndipo waamue kama waongeze. Akanikataza kujisugua kwa nguvu kwa kuwa ngozi ya chini ilikuwa laini bado. Nilowanishe kwa maji ya vuguvugu, nipake mafuta, nisugue taratibu kwa kitambaa, na rangi itaondoka yenyewe na ngozi inayokufa, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi. Tena nisijidanganye kutembea juani nikidhani nina kinga, kwa sababu rangi ile haizuii jua kama mafuta ya kujikinga.

Wiki moja hivi ilikuwa inapita upande wa pili wa harusi. Nililowanisha, nikapaka mafuta, nikasugua kwa kitambaa. Machungwa yakafifia, kifundo kikagoma. Wifi alipendekeza tupake na mguu wa kulia ili angalau ifanane, nikamwomba aondoke nyumbani kwangu hadi siku ya sherehe. Fundi naye akapiga simu kuuliza kama nimebadili mawazo kuhusu kuziba. Nilikataa. Mpasuo niliulipia.

Basi nikaenda hivyohivyo, kwa gongo moja. Mpiga picha alipotupanga kama familia alitazama kwenye kamera yake, akainua kichwa, akatazama tena.

"Dada wa gongo, sogea nyuma ya yale maua. Zaidi. Mguu, dada, mguu uingie pia. Na wewe kaka, mkono mfukoni. Ule mwingine. Haya, mbele nipeni mtu asiye na tatizo."

Wifi akapita akasimama mbele kabisa, karibu na bibi harusi, viganja vyake viwili amevikunja tumboni, safi, havina hata doa.