Baba Mdogo Amepata Magari

Baba mdogo alitoka kufanya ekografi (ultrasound) hapa Bukavu na karatasi yenye neno moja refu: hépatosplénomégalie. Kwa kuwa shuleni nilisoma latini-filo, yaani Kilatini na falsafa, familia nzima ikanigeukia. Nikawaambia hicho ni Kigiriki: hepar ni ini, splen ni bandama, megas ni kubwa. Ni mega hiyohiyo ya intaneti, ila bandama yake ilikuwa kubwa kweli, wakati mega zetu huisha kabla picha haijafunguka. Malaria ikimrudia mtu kila mara, bandama huchuja damu mpaka ikavimba.

Maelezo hayo mama mdogo aliyaona mepesi mno. Wa kutuma pesa ya dawa ni baba mkubwa, aliye Lubumbashi, na kwa maoni ya mama mdogo hakuna mtu anayetoa dola kwa ugonjwa wa jina fupi. Akaninyang'anya karatasi, akapiga simu, akaweka spika.

Neno hilo Wafaransa hulitamka kwa silabi nane, sauti ikiegemea ile ya mwisho. Mama mdogo alilitia irabu palipokauka, akakaza silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili kinavyotaka, na l ya mwisho ikamgeukia r, jambo ambalo kwetu halimshangazi mtu: "Hepato... sipuleno... megari!" Rezo, yaani mtandao wa simu, nayo ikameza ya katikati.

Baba mkubwa anauza vipuri, na siku zake nyingi huishia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akingoja mizigo ya Dar es Salaam. Masikio yake yalisikia yaliyozoea.

"Amepata magari? Iko ngapi?"

"Mbili!" mama mdogo akajibu. "Na zote kubwa!"

"Eeh, Mungu ni mwema!"

Mama mdogo akanitazama, midomo imemkauka. Akajaribu tena: "Ya kushoto ndiyo inamusumbua sana."

"Usukani wa kushoto? Kumbe ndiyo nzuri! Mwambie asiuzishe!"

"Asiuzishe *bandama*?"

Simu ikakatika hapo. Kufikia jioni, binamu mmoja alikuwa ametuma picha ya leseni yake ya udereva, na mwingine, anayeolewa mtaa wa Kenya kulekule Lubumbashi, aliuliza kwa adabu kama gari la harusi litakuwa jeupe. Baba mdogo alikuwa kitandani, mkono juu ya mbavu, akisomewa pongezi.

Nilimwandikia baba mkubwa ujumbe, ini na bandama, bila Kigiriki. Pesa ya dawa ikafika kesho yake, pungufu. Alikuwa ameshakata ya soda alizowanywesha majirani.