Barbauld aliwasaliti wanawake wenzake? Mi bado sijashawishika

Kila ikianza stori ya wanawake waandishi wa Uingereza karne ya 18, Mary Wollstonecraft, yule mtetezi wa haki za wanawake, anawekwa kiti cha mbele halafu Anna Laetitia Barbauld anabandikwa jina la msaliti, yule mama aliyesoma kuliko wanaume kibao halafu akasema wasichana wengine hawahitaji chuo. Na mashtaka yenyewe si ya kuzusha, niseme mapema. Mwaka 1774 aliletewa wazo la kuanzisha chuo cha mabinti akalikataa kwa barua, humo anasema binti inamtosha elimu ya kumfanya awe mtu wa kuongea naye vizuri nyumbani, aipate kwa baba au kaka, na kwamba yeye mwenyewe asichukuliwe kama mfano. Anayesema hivyo ni mtu aliyemng'ang'ania baba yake mpaka akamfundisha Kilatini na Kigiriki kidogo! Kapanda ghalani halafu kavuta ngazi.

Halafu kuna mambo ya maua. Kwenye kitabu chake cha mashairi cha 1773 alimwandikia bibi mmoja akimfananisha na maua, matamu, laini, kazi yake kupendeza tu. Wollstonecraft akalidaka shairi hilo kwenye kitabu chake cha 1792 akaliweka kama mfano wa wanawake wenye akili wanavyorudia maneno ya wanaume. Barbauld naye akaandika shairi la kujibu, "The Rights of Woman", linaanza kwa kumwambia mwanamke aliyeonewa ainuke adai haki yake, na linaishia kumwambia usijisumbue, haki za huyu na za yule zitayeyuka kwenye mapenzi ya wawili. Kuna wanaosema hapo alikuwa anatania. Mi sidhani kejeli inatosha kulibeba shairi zima, mwisho wake unasomeka kama mtu aliyemaanisha.

Sasa ila twende kwenye tarehe, maana hapa ndo watu wanapapita mbio. Barua ni ya 1774, ilichapwa lini? 1825. Lile shairi la haki, lilichapwa lini? 1825. Yeye alifariki Machi 1825. Yaani barua imekaa miaka 51 bila kuchapwa, na shairi lenyewe hakulitoa maisha yake yote wakati alikuwa na jina na wachapishaji walikuwepo. Aliyevitoa ni Lucy Aikin, mtoto wa mdogo wake John, baada ya shangazi kufariki. Ukitoa maua (hayo aliyachapa mwenyewe, hapo simtetei), nguzo mbili kubwa za kesi ni karatasi ambazo mwenyewe hakuzipeleka kwa watu. Nimelifikiria hili mara nyingi na bado linanisumbua, maana mtu tunampima kwa alichokisema sebuleni na tunaacha alichokisimamia barabarani.

Na barabarani alisimamia nini? Familia yake walikuwa Waprotestanti wasio Waanglikana, watu ambao sheria iliwafungia vyeo vya serikali na digrii za Oxford na Cambridge. Mwaka 1790 Bunge likagoma kuwafungulia mlango. Barbauld akatoa kijitabu bila jina, amesaini tu kama mmoja wa hao waliofungiwa, na humo haombi hisani, anadai, anasema tunadai kama wanaume, tunadai kama raia. Kama wanaume! Mwanamke anaandika hivyo na ulimwengu unasoma. Mwaka uliofuata wabunge 163 dhidi ya 88 wakaitupa hoja ya mbunge mwenzao William Wilberforce ya kukomesha biashara ya watumwa, akamwandikia Wilberforce shairi refu lisilowaficha wakubwa kwamba taifa limeshaambiwa ukweli, limeusikia na limeamua kuendelea. 1793 akaandika kwamba dhambi za serikali ni dhambi za taifa zima, vita vikiwemo. Huyo ndo mwanamke wa maua?

Hata hilo neno "nyumbani" linalomponza, angalia nyumbani kwake palikuwaje. Kwenye vitabu vyake vya kufundishia watoto kusoma, vilivyoanza kutoka 1778, mama anamwita Charles aje akae mapajani, anauliza iko wapi pini ya kuonyeshea herufi, pini hii hapa, usichane kitabu. Charles ni mtoto wa John, Barbauld alimchukua akamlea. Na aligombania herufi kubwa, karatasi nzuri na nafasi pana, maana vitabu vya watoto wakati huo vilikuwa vya kukodoa macho. Kwa hiyo nyumbani kwake kulikuwa na mwalimu, na mwalimu mwenyewe ni mama. Bado haijibu kwa nini binti asiende chuo, nakubali, ila si ile nyumba ya kufungiwa mtu.

1812, ana miaka 68, akatoa shairi la "Eighteen Hundred and Eleven", vita na Napoleon vinaendelea na biashara inayumba, yeye anatabiri siku moja wageni watatoka Marekani na ziwa Ontario kuja kushangaa magofu ya London. Mhakiki John Wilson Croker akamshukia kwenye jarida la Quarterly Review, akamkejeli eti ametupa miwani na sindano zake za kufumia aje kuokoa nchi kwa mashairi. Croker hakuwahi kuiona ile barua ya 1774, wala hakuihitaji. Barbauld hakutoa tena kitabu mpaka anakufa, halafu Lucy akafungua sanduku, na siku hizi watu wanaanzia hapo kwenye sanduku.