Mihadhara 20,000 iliyofungiwa

Agosti 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikiandikia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, barua nzito. Wafanyakazi wawili wa Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kilichoko Washington, walikuwa wamelalamika kwamba mihadhara inayotolewa bure mtandaoni na Berkeley haiwafai. Video nyingi hazikuwa na maandishi ya kinachosemwa, na wizara ikakuta pia nyaraka zisizosomeka kwa programu zinazowasomea wasioona. Machi 2017 chuo kikajibu kwa vitendo: kikaziondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000. Kiziwi hakupata kitu, na anayesikia naye akakosa.

Walioilaumu sheria ya Marekani inayolinda haki za watu wenye ulemavu, ambayo barua ile iliitegemea, wana hoja. Kuandika maneno ya maelfu ya saa za mihadhara ni gharama, na kumnyang'anya anayefaidika hakumpi chochote aliyekosa. Lakini Berkeley ni chuo cha umma, na sheria yenyewe ni ya mwaka 1990. Mzigo uliokuja kuonekana mkubwa hivyo ulirundikwa na chuo chenyewe, rekodi moja baada ya nyingine.

Mimi naona ya zamani yastahili kupewa muda. Mapya hayana kisingizio. Mhadhiri akipiga picha kurasa kwa simu na kuzituma kama PDF kwenye kundi la WhatsApp la darasa, mwenye macho anasoma (akivumilia kidole gumba kilichoingia pembeni). Programu ya asiyeona inakuta picha tupu, inanyamaza. Mara nyingi mhadhiri huyohuyo ana madokezo aliyoyachapa mwenyewe kwenye Word. Angetuma hayo, na vichwa vya sehemu akaviweka kwa mitindo ya vichwa (Headings) iliyomo humo badala ya kukoza herufi tu, mwanafunzi angeruka kutoka sehemu hadi sehemu kwa NVDA, programu ya bure inayowasomea wasioona. Ni kazi ya dakika chache. Grafu na milinganyo ya hisabati ni habari nyingine. Hapo mhadhiri anahitaji fundi wa chuo, si lawama.

Mwaka 2022 Berkeley na wizara walifikia makubaliano ya kimahakama: chuo kirekebishe sehemu kubwa ya maudhui yake yaliyopo mtandaoni, na yote yajayo yatoke yakiwa yanafikika. Barua ile ilikuwa imetimiza miaka sita.