Mpelekeni Sembène kwenye vibanda umiza

Wiki iliyopita nilikuwa naangalia mahojiano ya kijana mmoja muongozaji wa hapa kwetu, ana kipaji kweli simnyimi haki yake, akaulizwa anawakubali madairekta gani duniani. Akamtaja Nolan, akamtaja Tarantino, akamtaja Scorsese, sawa, hao hata mimi nawakubali. Mtangazaji akauliza, na Afrika? Jamaa akacheka kidogo, akasema Afrika bado tunajifunza. Yani toka siku hiyo lile jibu linanichoma mpaka sasa hivi.

Bado tunajifunza nini wakati Ousmane Sembène, muongozaji wa Senegali, alishaanza kufundisha tangu 1963? Mwaka huo ndo alitoa Borom Sarret, filamu ya dakika kama 20 tu, jamaa anaendesha mkokoteni wa farasi pale Dakar, anabeba watu kutwa nzima na wengi hawamlipi, mwisho anakubali kumpeleka mteja mpaka mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni hairuhusiwi. Askari anamnyang'anya mkokoteni, mteja anaondoka zake bila kulipa, jamaa anarudi nyumbani na farasi tu. Dereva wa bodaboda aliyewahi kukamatwa mjini kati hahitaji kuelezwa hiyo filamu inahusu nini.

Na huyu mzee hakuzaliwa kwenye sinema. Baba yake mvuvi wa Casamance, kusini mwa Senegali, yeye mwenyewe alipelekwa vita vya pili vya dunia kwenye jeshi la Ufaransa, baadae akawa kuli bandarini Marseille, akaumia mgongo kwenye hiyohiyo kazi, akaanza kuandika riwaya. Riwaya zikasifiwa. Lakini akaona watu anaowaandikia, makuli na wakulima na akina mama wa sokoni, wengi wao hawasomi Kifaransa, ndo akaenda Moscow kujifunza sinema akiwa anakaribia miaka 40. Hebu fikiria, mtu ameshapata jina anarudi kukaa darasani upya kwa sababu anataka mama wa kijijini aelewe! Sinema alikuwa anaiita shule ya jioni, na filamu zake alikuwa anazunguka nazo mwenyewe vijijini, anawaonesha watu halafu anakaa nao wanajadili.

Mi iliyonimaliza ni ile ya 1966, La Noire de... Diouana, binti wa Dakar, anapelekwa Ufaransa na mabosi wake akijua anaenda kulea watoto na kuona nchi. Akifika ni kufagia, kupika, kufua. Ufaransa yote anaiona kupitia dirishani. Kuna sehemu inakuja barua ya mama yake, binti hajui kusoma, bosi anamsomea, alafu bosi huyohuyo anachukua kalamu anaanza kumwandikia majibu ambayo binti hajayasema. Hakuna anayepigwa hapo, hakuna hata muziki wa kukulazimisha ulie, ila kifua kinabana. Nikawaza mabinti zetu wa Tanga, Singida, Mombasa, waliopanda ndege kwenda Oman na Saudia kufanya kazi za ndani, wengine pasipoti anashika bosi na simu anashika bosi, wakipiga nyumbani wanasema tu niko salama mama. Mwisho wa Diouana sisemi, kaangalie mwenyewe, ila ujue Sembène alianzia kwenye habari ya kweli aliyoisoma gazetini.

Alafu Mandabi, 1968. Pesa zilitoka Ufaransa kwa hiyo ilibidi apige na toleo la Kifaransa, akapiga, lakini la Kiwolof likabaki palepale, watu wa Dakar wakajisikia wenyewe kwenye skrini. Mzee Dieng katumiwa pesa na mtoto wa ndugu yake anayefagia barabara Paris. Kuzichukua posta anatakiwa awe na kitambulisho, kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, cheti kinataka tarehe ambayo mzee haijui, kila dirisha njoo kesho, na majirani huku wameshasikia kuna pesa wanakuja kukopa. Mpaka mwisho ndugu mwenye tai na gari ndo anazichukua anasema ameibiwa. Niambie hapo kuna nini cha Senegali peke yake.

Kuna na Camp de Thiaroye, askari wa Kiafrika waliodai malipo yao wakapigwa risasi na Wafaransa Desemba 1, 1944, wenye babu zao waliokuwa KAR, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, waiangalie. Na Moolaadé ya 2004, kuhusu ukeketaji, kaitengeneza ana miaka 80 hivi, mama mmoja anafunga kamba mlangoni kuwalinda watoto wa kike na kijiji kizima kinashindwa kuivuka.

Haya, nakubali, filamu zake zinaenda polepole, na waigizaji wengine unaona kabisa kamera imewashika. Na wakubwa wapo kila sehemu. Satyajit Ray wa India alipokwama katikati ya filamu yake ya kwanza mkewe aliweka dhahabu zake rehani. Kurosawa wa Japani, Hollywood wenyewe walichukua hadithi yake ya samurai saba wakaigeuza ya macowboy. Kwa hiyo hata huyo kijana wetu anayeabudu Hollywood anakunywa maji yaliyopitia sehemu nyingi.

Ila hasira yangu sio kwake sana. Atamjuaje Sembène wakati filamu zake huku zinaoneshwa kwenye vituo vya utamaduni vya mabalozi na matamasha, wanakaa watu wachache wenye Kiingereza chao, zikiisha wanapiga makofi wanaondoka? Mtu aliyeacha riwaya ili afikie wasiosoma leo anaangaliwa na wasomi peke yao, na hili linaniuma kuliko yote. Kibanda umiza, kile kibanda cha kuoneshea muvi mtaani, kimejaa Wakorea na Wahindi wanaoongea Kiswahili kwa mdomo wa mtafsiri, toka enzi za Lufufu, mtafsiri wa muvi wa zamani hapa kwetu, na Kenya mtafsiri DJ Afro yupo, tunajua kabisa namna ya kuleta filamu ya mbali mpaka kwenye benchi la mbao. Nyie mnaotafsiri muvi, ombeni haki kwa wahusika, chukueni Mandabi muiwekee sauti. Mzee Dieng akiambiwa njoo kesho kwa Kiswahili pale Mbagala, kibanda kizima kitamjibu yule karani.