Sufuria la Msibani

Nani alisema mtoto lazima aoge kila siku? Ajitokeze. Aje Njombe mwezi wa saba, avue yeye kwanza.

Ndugu zangu, tumesafiri na mabegi manne. Moja la pampasi, moja la nguo za mtoto, moja la mama mtoto, na la nne, ambalo ndilo langu, nusu yake chandarua. Chandarua! Huku mbu akikosea njia akafika, anarudi Makambako kwa miguu. Kilichobaki Mbagala ni beseni. Lile la bluu lenye picha ya bata, ambalo mtoto kalizoea tangu kitovu hakijadondoka. Nani alisema libaki? Tusianze hayo. Mama mtoto anadai ni mimi, na kwamba nilitamka mbele ya mashahidi: "Mabeseni yapo kila mahali, kwani tunakwenda mwezini?"

Mwezini kuna nafuu. Kule hakuna upepo.

Mkoa huu ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Magari na madawati waligawana wanavyojua wenyewe, ila baridi naona walichukua yote. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mimi ni mtu wa usawa wa bahari hasa. Maji ya bomba asubuhi ukiyashika, nayo yanakushika.

Tatizo jingine ni mdomo wangu. Usiku wa kwanza, mashemeji wamejaa sebuleni, nikajisifu kwamba kwangu mtoto namwogesha mwenyewe. Wakapiga makofi. Kesho yake saa nne mama mtoto kaondoka na dada zake kwenda saluni, kaniachia mtoto, sabuni na tabasamu.

Sasa, mkwe na mama mkwe hawazungumzi mambo ya bafuni. Mimi nimekaa kwenye kigoda mlangoni, nimenyooka kama mgeni rasmi. Yeye yuko jikoni, hatua tatu. Tunaonana, tunasikiana, na katikati tumemweka shemeji yangu wa miaka kumi kama simu.

"Shemeji," nikasema kwa sauti ya heshima, "hebu niulizie kwa mama kama kuna beseni."

"Mama, mkwe anauliza kuna beseni?"

"Mwambie yapo."

"Anasema yapo."

Nikatulia. Mambo si hayo?

Beseni la kwanza lina viazi vya mbegu, vimeshachipua, haviguswi. La pili aliliazima jirani kwenye kipaimara mwaka jana, na mpaka leo bado anashukuru. Ndoo kubwa ni ya pumba za nguruwe. Likabaki karai. Shemeji akaenda stoo, akarudi mikono mitupu.

"Mama, kwenye karai kuku kalalia mayai."

"Ehe, mwambie mkwe leo ni siku ya 12. Mayai ni siku 21. Zimebaki 9."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikuwa ananipa ratiba.

Kimya kikapita. Moto ukalia pwaa. Halafu mama mkwe akasema, polepole, kama mtu anayetoa siri ya ukoo: "Mwambie mkwe, labda lile sufuria."

Lile sufuria lilishushwa darini na vijana wawili. Ni la kupikia wali wa kilo 20. Ubavuni limeandikwa kwa rangi nyekundu jina la kikundi cha akina mama cha kufa na kuzikana, maana mama mkwe ndiye mtunza vyombo. Likawekwa uani palipo na kijua kidogo, jirani kabisa na mafiga.

Nikamimina maji ya moto. Kliniki walitufundisha kupima kwa kiwiko, lakini kiwiko changu kilikuwa ndani ya masweta mawili na koti la kuazima. Mpaka nimekitoa, maji yamepoa. Nikaongeza ya moto, yakaunguza. Nikaongeza ya baridi, yakafa. Na hayo ya moto yenyewe, kwa huu mwinuko, yanachemka kwenye digrii 93 hivi, hayafiki 100 kama ya kwetu Mbagala. Yaani hata kuchemka huku wamepunguziwa. Kopo la kumwagia halikuonekana, nikapewa upawa.

Nikamvua mtoto. Akanitazama kama mtu aliyeuzwa. Nikamketisha. Kwa kina cha lile sufuria ikabaki shingo na kichwa tu, mvuke unapanda, baba mtu kasimama na upawa.

"Kamwene!"

Mzee wa jirani, kwenye uzio wa matete.

"Kamwene," nikaitikia.

Akatazama sufuria. Akatazama mafiga. Akavua kofia.

"Poleni sana. Nani katutoka?"

Sikumwelewa. Nikasema, "Hapana mzee, naogesha mtoto." Akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayesema majonzi humfanya mtu aongee lolote, akaondoka haraka. Robo saa haijapita, akina mama watatu wanaingia getini, kanga kiunoni, mmoja na unga kichwani, mwingine na kuni. Sufuria lile halitoki darini bila mtu kufa. Wote wanalijua.

Mama mkwe akatoka jikoni kueleza. Akaeleza kwa Kibena, kirefu, na kila baada ya maneno machache wote wananigeukia. Nilishika neno moja tu: "Dar."

Msiba ulipokosekana, wakahamia kwenye uogeshaji. Kichwa usimwoshe, utosi haujafunga. Kichwa mwoshe kwanza. Mpake mafuta kabla. Nani anaogesha saa nne, si angoje saa saba jua likolee? Kofia yake iko wapi? Mbona mwembamba? Mwenye kuni akanipokonya upawa ili anionyeshe.

"Jamani!" Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya kituo cha daladala. "Naombeni taulo! Taulo tu! Wenye maoni hapa mko sita, mwenye taulo hakuna hata mmoja!"

Uani pakanyamaza. Kuku akalia stoo. Mtoto, ambaye muda wote hakutoa hata chozi, akajisaidia kwenye sufuria la kikundi.

Mama mkwe akaniletea taulo kwa mkono wake, bila kumtuma mtu. Hatujasemeshana tena hadi tunaondoka, hata kupitia simu ya miaka kumi.

Beseni nilikwenda kununua sokoni jioni ile ile, jekundu, kubwa. Limeoga mara mbili tu. Siku ya safari nimelikuta limejazwa viazi, juu parachichi, limefungwa kanga. Konda kasema hilo ni mzigo, lilipiwe. Nikamwambia ni beseni la mtoto. Akalinyanyua, akaliweka chini, akanitazama: "Mtoto ana kilo 40?"

Nimelipa. Kilomita 700 na ushee nimekaa nalo miguuni, Kitonga tumeshuka nimelikumbatia. Nikajipa moyo kwamba limejaa, haliongezwi kitu. Tukafika Ruaha Mbuyuni, basi likasimama, mama mtoto akafungua dirisha.

Vitunguu.